Nzuri, Tunamshukuru Mungu

Sindano iliingia mgongoni mwa Nakijwa bila kisu wala dawa ya usingizi, na robo saa baadaye pingili yake ya uti wa mgongo iliyopondeka ilikuwa imejaa saruji hai. Ajabu ya saruji hiyo ni kwamba hukua yenyewe ndani ya mfupa. Kila asubuhi kiuguzi, kiroboti cha wodini, humpitia mgonjwa. Akisema hana neno, huiachia ikue siku nyingine. Akilalamika, huizima papo hapo.

Nakijwa, mkulima wa tangawizi kutoka milima ya Upare, alikuwa ameteleza kwenye matuta akadondoka na kikapu chake. Alitaka kitu kimoja tu, arudi kuinama shambani. Tangawizi haivunwi umesimama wima, bwana.

Siku ya tisa aliamka akashindwa kugeuka. Kutoka kiunoni hadi shingoni alikuwa ubao mtupu. Hata pumzi aliivuta nusunusu. Hofu ilimjaa. Jamani, afadhali kufungiwa chumbani, maana chumba kina mlango.

Daktari Mrindoko alikuja mbio, akatazama picha. Saruji ilikuwa imevuja na kuzishika pingili zote za jirani.

"Mama, imevuja tangu siku ya pili! Hukusikia maumivu?"

"Maumivu? Mwanangu, nilikuwa nawaka moto!"

"Sasa mbona kila siku umekijibu kiuguzi 'nzuri'?"

"Si kilinisalimia? Mtu akikuuliza habari za asubuhi, unasema nzuri, tunamshukuru Mungu, unamuuliza za kwake. Ya ugonjwa yanafuata baadaye. Kila nikianza kuyasema, kimeshafika kitanda cha pili."

Mrindoko ndiye aliyekifundisha kiuguzi kusalimia, ili wazee wasikiogope. Na yeye alilelewa milima hiyohiyo.

"Itayeyuka?" aliuliza Nakijwa.

"Haiyeyuki, mama. Nisamehe."

Machozi yalimtiririka hadi masikioni. "Basi sitainama tena," alisema.

Daktari alifungua kumbukumbu za wodi. Wagonjwa waliotiwa saruji walikuwa thelathini na mmoja, na wote walikuwa wamejibu nzuri kila asubuhi. Alikwenda kitanda cha pili, kwa mzee Sekiete.

"Habari za asubuhi, mzee?"

"Nzuri, daktari, tunamshukuru Mungu. Za kwako?"

"Nzuri." Mrindoko alivuta kiti akakaa. "Haya, mzee. Salamu tumemaliza. Sasa niambie."

Mzee alifunua shuka miguuni.

"Mwanangu," alisema, "miguu siisikii tangu Jumatatu."