Vipeperushi vya Bendi ya Kutu

Wino ulikuwa mbichi.

Mchapaji alitazama kidole gumba chake kilichochafuka, kisha akatazama kipeperushi. Alikichapa mwenyewe miaka ishirini iliyopita, enzi akiwa mpiga ngoma wa Bendi ya Kutu, iliyotumbuiza kwenye ghala la chini ya ardhi bila kibali. Kipeperushi kikibandikwa mlangoni, shoo ipo. Kikichanwa, hatari imefika: wote mbio kwa mlango wa nyuma, isipokuwa mwimbaji. Yeye aliendelea kuimba, askari wafuate sauti yake.

"Baba, mlikuwa na roho mbaya," binti yake alisema huku akipanga vipeperushi vingine mezani. "Na mwimbaji alikubali?"

"Tulimpigia kura akiwa chooni."

Binti alicheka. Mchapaji hakumwambia kwamba siku ya mwisho hawakuja askari, ulikuja moto, na kwamba aliyekichana kipeperushi, mwimbaji akabaki ndani, alikuwa yeye mwenyewe.

Binti alichagua kimoja, kile chenye wino mbichi, akakibandika kwenye mlango wa karakana. Kumbukumbu tu.

Saa tisa mchana sakafu ilianza kudunda. Ikaja harufu ya nyaya zinazoungua. Binti, akiwa anakunja karatasi, alifumbua kinywa, ikamtoka sauti nzito ya mwanamume, ikiimba.

Mchapaji alimpigia simu mpiga gitaa wa zamani, kaka wa marehemu mkewe.

"Shemeji," alinong'ona, "mtoto amebandika kipeperushi cha shoo ya mwisho. Anaimba. Si sauti yake."

Mpiga gitaa alifoka: "Usikichane! Lile jini lilikuwa mle ghalani tangu mwanzo. Lilimpanda mwimbaji tulipomwacha peke yake. Linapenda walioachwa. Mshike mkono mpaka wimbo uishe."

"Nikimshika?"

"Litakosa pa kuingia kwake. Huenda likaingia kwako."

"Huenda?"

"Unataka risiti? Ni mpwa wangu huyo! Mshike!"

Akamshika. Mkono ulikuwa wa baridi. Macho ya binti yalikuwa yake mwenyewe, yakitiririka machozi juu ya kinywa kisichokuwa chake.

Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Katika wa tatu ule mkono ukaanza kupata joto, joto la bati la juani, kisha la pasi, na kitu kikaanza kupanda kwenye kiwiko cha mchapaji kikitafuta njia, taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta wa chumba chenye giza, na moshi usioonekana ukamjaa kooni, na chini ya sakafu nyayo za watu wengi zikakimbilia mlango wa nyuma, zile zile alizozifuata zamani, na miguu yake, iliyoijua njia hiyo kuliko kichwa chake, ikainuka.

Akamwachia.

Alikuwa tayari barabarani wimbo ulipokatika.

"Baba?" Sauti ya binti sasa, ndogo, safi. "Baba, umetoka?"

Hakugeuka. Nyuma yake wimbo ukaanza upya, kwa sauti mbili, na ile ya pili ilikuwa ya msichana.

Mshonaji wa duka la jirani alichungulia dirishani, akatabasamu.

"Mchapaji! Kumbe mwanao anaimba hivi?"

"Ndiyo," alijibu, akizidisha mbio.