Fimbo ya Stesheni ya Mwisho

Hebu nijibu wewe unayesoma: mzee akikunyooshea kitu, nawe umelelewa ukaleleka, unakipokea kwa mkono mmoja? Hupokei hivyo. Unainama kidogo, unatoa mikono miwili, unasema asante. Basi kosa la Gaël ni hilo tu. Wengine hufungwa kwa wizi. Yeye alifungwa kwa adabu.

Gaël, kijana wa Bukavu, alikuwa mlinzi kwenye ukumbi mmoja wa harusi huko Turffontein, kusini kabisa mwa bara letu, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Bosi wake, mtu mwenye fedha za kuchezea, alikwenda Uingereza akanunua mabaki ya kijireli cha mashambani kilichokufa zamani: kibao cha stesheni, taa, benchi, kengele ya shaba, hata vipande vya reli yenyewe. Akavipakia kwenye kontena, akavipanga uani ili maharusi matajiri wa Sandton wapige picha. Eish! Watu wenye digrii wanafukuzwa mpakani, vyuma chakavu vya wenzetu vinapokewa na kujengewa paa.

Aliyewaeleza wageni historia ya vyuma hivyo ni Kathambi, Mkenya aliyesoma mpaka digrii ya pili akaishia kubeba trei za keki pale ukumbini. Kijireli hicho, aliwaambia, kilikuwa na njia moja tu, kikibeba maziwa, kondoo na watoto wa shule kati ya vijiji viwili. Ili treni zisikutane uso kwa uso, kulikuwa na fimbo moja. Dereva haingii njiani bila kuishika, wala hatoki kazini mpaka aikabidhi mkononi mwa mtu wa upande wa pili. Jioni ile reli ilipofungwa kabisa, stesheni ya mwisho ilikuwa imeshatiwa kufuli. Dereva hakukuta wa kumpokea. Yeye na fimbo hawakuonekana tena. Ndiyo maana sanduku la kioo la kuwekea fimbo, lililotundikwa ukutani pale uani, lilikuwa na vishikizo viwili vitupu.

Alasiri moja ya 2019, umeme umekatika kama kawaida, Kathambi alinusa makaa yaliyolowa. Makaa, na manyoya ya kondoo aliyenyeshewa. Juu, jua linawaka. Akamkuta Gaël getini ameshika fimbo nene yenye kibao cha shaba.

"Umetoa wapi hiyo?"

"Muzee moya amenipatia, dada. Muzungu, na koti ya kizito. Mikono yake baridi, je te jure, naapa, kama imetoka friji. Alinishukuru mpaka machozi."

"Ameenda wapi?"

Gaël akaangalia barabara, kisha ua. "Hakupita inje. Njo maana nashangaa."

Kathambi akasoma majina ya vile vijiji viwili kwenye ile shaba, akarudisha mikono yake nyuma polepole.

Jioni Gaël akaiweka fimbo kwenye benchi, akaaga, akatoka getini aende mtaa wa Berea kwa mkewe Arlène, mwenye mimba ya kujifungua wakati wowote, akavuka barabara, akaipita spaza, kile kiduka cha mtaani, akafika kwenye robot, zile taa za barabarani, akakunja kona, na pale konani akasikia changarawe chini ya viatu badala ya lami, akasikia kengele ya shaba ikigonga bila mtu, akanusa makaa, akainua macho akakiona kibao cha stesheni, na geti la nyuma la ua ule ule likajifunga mgongoni mwake, na fimbo imo mkononi, ina joto kama iliyoshikwa mchana kutwa.

Akaruka ukuta. Akaangukia ndani ya ua ule ule. Kathambi akamficha kwenye buti ya gari lake, akaendesha. Alipoifungua buti baada ya kuipita robot, mlikuwa na harufu ya maziwa yaliyochacha tu; Gaël alikuwa amerudi uani.

Ndipo wakamwita Burhani, mzee wa Tanga anayetibu watu Berea. Akachoma udi. Moshi haukupanda, ulilala juu ya reli, ukanyooka mrefu kama wa treni. Burhani akasoma, akauliza kwa Kiarabu, akauliza kwa Kiswahili. Kengele ikagonga mara moja. Mzee akafunga mkoba wake.

"Mwanangu, jini mkorofi ningemfukuza," alinong'ona. "Hili si korofi. Hili liko kazini, na zamu sasa ni yako."

"Basi muzee, pokea weye. Pardon." Gaël akamnyooshea fimbo.

Burhani akaficha mikono ndani ya kanzu. "Nikipokea, nabaki mimi. Mwiteni aliyeinunua njia. Yeye ndiye stesheni ya mwisho, safari iishie kwake."

Kathambi akampigia bosi, ambaye yuko Uingereza tena, anatafuta kijireli kingine. Bosi alicheka. "Mlinzi asiyetoka getini?" akasema. "Si ndiye mlinzi bora?" Akakata simu.

Arlène alijifungua bila mume. Wiki kadhaa baadaye akaja getini na kitoto kilicho kifua wazi, kwa maana kilikataa blanketi.

"Hata kumushika tu, Gaël? Mutoto wako?"

"Usimulete karibu." Alikuwa ameficha fimbo mgongoni. Sauti yake ilikuwa ya chini, na sweta lake lilinuka kondoo. "Mutoto anashikaka kila kitu, Arlène. Rudi nyuma. Rudi!"

Kitoto kikapenyeza mkono kati ya vyuma, vidole vikafunguka. Gaël akarudi kinyumenyume mpaka ukutani, analia, na machozi yake yalikuwa meusi. Kathambi, pembeni yake, akaona mikono yake mwenyewe inainuka, miwili, viganja juu, kama alivyofundishwa na bibi yake. Akaizika mifukoni na kushika kitambaa kwa nguvu.

Sasa sikia, bosi, kama ni wewe unayesoma. Ulinunua taa, benchi na kengele. Na njia ni yako. Rudi Turffontein. Usitume meneja, usitume wakili, usitume msichana wa trei. Simama getini mchana, watu wakikuona. Inama kidogo. Toa mikono yako miwili, uipokee fimbo yako, useme asante, umwache baba wa watu akashike mwanawe.