Droni Nyuma ya Paa

Tangu nizaliwe sijaogopa kitu kinachoruka. Nyuki, popo, hata ndege ya abiria ikipita chini chini, mimi sishtuki. Labda mende tu. Mende akifungua mbawa, utanikuta juu ya kitanda na ndala mkononi, na uzee wangu huu.

Kazi yangu ni kufagia shule. Asubuhi ile nilianzia uwanja wa nyuma, na kengele ya mapumziko ikanikuta kwenye veranda. Mjukuu wangu, tunayemwita Kijiti kwa wembamba wake, yuko darasa la sita na ni mwanachama wa klabu ya sayansi. Klabu ina droni yake, imefungiwa kabatini, na mlangoni pa kabati zimebandikwa sheria: hairushwi bila mwalimu kuwapo, haipiti juu ya watu, haiachwi ipotee machoni. Kijiti anazijua zote. Mwandiko ule ni wake.

Lakini siku hiyo mkobani mwake mlikuwa na droni nyingine, ya mjomba wake, mpiga picha za harusi, kitindamimba wangu. Alitaka picha ya shule kutoka juu, aitengenezee kalenda. Akampa Kijiti asubuhi getini, akaiwasha kumwonyesha vitufe, akamwonya asimtaje akiulizwa.

Kijiti aliirusha nyuma ya maktaba. Ikapanda vizuri, kisha upepo ukaichukua, ikavuka paa la chekechea na kupotea. Akabonyeza kila kitufe. Mlio wake ukakatika ghafla, halafu akasikia mtoto akilia.

Aliniambia baadaye kwamba akilini alishaona kaburi dogo.

Mimi nilitupa ufagio nikakimbia. Nilimkuta mtoto amekaa chini, damu imemjaa usoni, huoni jicho liko wapi. Kando yake droni imevunjika. Kijiti akatokea kwenye kona, rimoti mkononi. Angeweza kuitupa kwenye majani, hakuna aliyekuwa amemwona. Mwalimu wa chekechea akauliza ni ya nani.

"Nimeirusha mimi, mwalimu," akasema. "Jicho lipo?"

Hata sisi hatukujua. Muuguzi alipofika na kuanza kuosha damu ile, Kijiti alikuwa ameshika gauni langu kwa mikono miwili, na mimi, nisiwadanganye, nilikuwa nimemshika yeye. Mwisho muuguzi akasema panga la droni limechana nyusi. Lingeshuka upana wa ukucha, jicho lingekwenda.

Ofisini, mwalimu mkuu aliuliza droni imetoka wapi. Kijiti akakataa kumtaja mtu. Mimi nilikuwa nimeitambua, nikasema ni ya mwanangu. Akaitwa mjomba wake, akaja na shati limepigwa pasi. Akaapa kwamba asubuhi alikuwa amelala, akaamka na kukuta droni imeibwa chumbani. Kama ni polisi, yuko tayari kutoa maelezo. Kijiti akalishika tena gauni langu. Nikamtazama mwanangu, nikautamani ufagio wangu.

Mwalimu mkuu akamgeukia Kijiti kwanza.

"Umekiri kabla hujakamatwa, na hilo nimeliona," akamwambia. "Lakini sheria zile hatukuziweka kukunyima raha. Nyuma ya paa kuna mtu usiyemwona, na leo alikuwa na miaka mitano. Hutagusa droni muhula mzima. Kesho utakwenda na bibi yako kwa mama wa yule mtoto, umwombe radhi kwa mdomo wako."

Kijiti akaitikia huku akilia.

Kisha mwalimu mkuu akachomoa kadi ya kamera kwenye droni iliyovunjika, akaichomeka kwenye kompyuta, aone imepita juu ya nani na nani. Kitu cha kwanza kujaa kwenye kioo kilikuwa pua. Pua ile naijua, niliizaa mwenyewe. Ikafuata mikono ya shati lililopigwa pasi ikifuta lenzi, geti letu la shule, na Kijiti ndani ya sare, ananyoosha mikono kupokea.

Mwalimu mkuu akaisimamisha picha, akamgeuzia mwanangu kompyuta.

"Bwana mpiga picha," akasema taratibu, "hebu nikumbushe. Ulikuwa umelala wapi?"

Mwanangu akaitazama ile pua muda mrefu, kama ndiyo kwanza wanakutana.