Mita ya Hamsini na Tatu

Futikamba ilikuwa imelowa. Daktari Nishwan aliitazama pale msumarini barazani, ikidondosha maji ya chumvi, akashangaa, maana haikuwahi kuigusa bahari tangu aje nayo kutoka mji mkuu, Male. Yeye mwenyewe pia hakuigusa.

Huyo ndiye mtaalamu tuliyeletewa kisiwani kwetu Velifaru kupima kama mwamba wetu ungali hai. Kazi yenyewe si ngumu: unazama, unatandaza futikamba juu ya matumbawe mita hamsini, na kwa kila mita unaandika kibaoni kitu ulichokiona chini ya kamba, hai au mfu. Mwamba ukiandikwa mfu, mashine za hoteli inayotaka kujengwa hapa zinaruhusiwa kuuchimba. Nishwan aliogopa papa, hata wale wadogo ambao watoto wetu hucheza nao ufukweni. Basi alijilaza kwenye bembea uani kwa Mama Sanfa, mwenye nyumba wake, akala mikate ya roshi na samaki wa nazi, huku akiandika mfu, mfu, mfu, mpaka hamsini. Aibu hana hata chembe.

"Mama, nani kachezea vifaa vyangu?"

"Mwanangu, mimi na likamba lako wapi na wapi?"

Kibaoni palikuwa na mstari mpya, kwa mwandiko uleule wake wa kuvutavuta. *Mita 51: kuku mweupe. Mfu.* Kuku wa Mama Sanfa alikuwa amelala kando ya kisima, mdomo umejaa mchanga. Nishwan alicheka, akasema ni utani wa washamba.

Kesho yake, watu walipotoka kusali adhuhuri, futikamba ilikutwa imetandazwa yenyewe uani, imenyooka mpaka kwenye mpapai, na nyumba nzima inanuka mwamba uliokaukiwa na maji. *Mita 52: mpapai. Mfu.* Majani yalidondoka yote kabla ya alasiri.

Safari hii hakucheka. Alijifungia chumbani, akajitupa kitandani, na hapo ndipo alipoisikia futikamba ikivutwa taratibu chini ya mlango, krrr, krrr, ikapanda mguu wa kitanda, ikampita kwenye unyayo ikiwa ya baridi na yenye utelezi, ikapanda mpaka gotini, na kabla hajapata sauti ya kupiga kelele akasikia penseli ikikwaruza kibaoni, polepole, kama ya mtu asiye na haraka yoyote. Mguu wake wa kushoto ukawa gogo.

Mama Sanfa akamwita Mzee Manik, mganga wetu. Mzee alisimama mlangoni, akanusa, hata mfuko wa talasimu hakuufungua.

"Ni nani, mzee?" Mama Sanfa alinong'ona.

"Mwenye mwamba. Kaandikwa mfu na mtu ambaye hata kumwangalia hakumwangalia."

"Mtoe basi!" Nishwan alilia.

"Nimtoe aende wapi? Kwake ni hapa. Mgeni ni wewe." Mzee akainama, akashusha sauti. "Shuka majini leo. Uangalie kila mita kwa macho yako, uandike unachokiona. Mguu utarudi. Usipofanya hivyo, mita inayofuata sijui itapita wapi."

"Mzee wangu, kwa mguu huu nitaogeleaje?"

"Tutakubeba. Au na macho nayo yamekufa?"

Alikubali, akaomba tu apumzike kidogo. Tukaenda kuandaa boti, sisi wajinga tuliomwonea huruma.

Tuliporudi tulimkuta kwenye bembea, shuka mapajani, anatabasamu. Alikuwa amefuta kibao chote, akaandika upya. Hai, hai, hai, mara hamsini, na mstari wa hamsini na tatu pia: *mguu wa kushoto. Hai.*

"Hakuna haja ya boti," alisema. "Oneni, vidole vinacheza. Mimi nawajua hawa mashetani wenu."

Na kweli, chini ya shuka kitu kilikuwa kinacheza. Mzee Manik alirudi nyuma hatua mbili. Mama Sanfa akalivuta shuka.

Mguu ulikuwa umetoboka matundu madogo kuanzia unyayoni, mamia kwa mamia, na katika kila tundu mdomo ulifunguka na kujifunga, umezungukwa na vidole laini vilivyopapasa hewa vikitafuta chakula, kama vya matumbawe yaliyo hai.

"Jamani, kuna nini?" Nishwan aliuliza, bado anatabasamu.

Mama Sanfa alimwonyesha kwa kidole. Ikabidi aangalie mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu afike kisiwani. Matundu yalikuwa yameshapita goti.