Kikasha Chini ya Nguzo

Jumamosi ile bandari ya Tromsø ilifurika watu waliokuja kununua kamba wa kuchemsha mashuani. Torunn, kofia nyekundu ya sufu kichwani na koti la vifungo vya mbao, alinyoosha mkono kupokea mfuko wake, akagusana na Eilif, mwanamume ambaye yeye aliapa kutomwona tena.

“Wewe!”

“Mpenzi, ngoja kidogo.”

“Mpenzi wako nani? Simu zako sipokei, sasa unanivizia kwenye kamba?”

Eilif aliinamisha kichwa, theluji ikimganda ndevuni. Torunn alipima sumaku ya dunia kila siku katika kibanda cha mlimani kilichopigiliwa misumari ya shaba, kwani chuma huvuruga vipimo. Aingiaye humo huacha nje saa, funguo, mkanda, hata sidiria yenye waya. Novemba Eilif alikwenda kumsaidia, na tangu wiki hiyo vipimo vikapinda. Torunn alipekua kote asione kitu. Eilif akaapa kwa jina la mama yake kwamba hakuacha chuma, akafukuzwa kama mwizi. Sasa wakubwa wangevitupa vipimo vyote Jumatatu, na kibarua cha Torunn kiote nyasi.

“Niliacha kikasha cha pete,” Eilif alisema. “Kwenye ufa chini ya nguzo ya darubini ya kupimia. Nilitaka nikuchumbie siku yako ya kuzaliwa.”

“Nilikuuliza mara ngapi?”

“Uliniuliza chuma! Kile ni cha mahameli. Jana ndiyo nimepita dukani nikaona kingine kama kile, kumbe mfuniko hujifunga kwa sumaku.”

“Sumaku!” Foleni nzima iligeuka. “Umeniwekea sumaku kibandani? Punda ana nafuu!”

“Nakwenda kukitoa sasa hivi.”

“Kiguse nikukate mikono!” Ghafla sauti yake ikashuka. “Hakijasogezwa tangu Novemba?”

“Hata kidogo.”

“Shika huu mfuko. Twende.”

Mlimani Torunn alimwacha nje na mfuko wa kamba. Alipima sumaku ya dunia kikasha kikiwa pale pale, akakitoa, akapima tena. Tofauti ilikuwa ileile iliyomla roho miezi mitatu. Angeipunguza kwenye kila kipimo, na kazi yake ingeokoka. Torunn aliketi sakafuni akalia, kwa hasira na kwa furaha.

Kisha akakitupa kikasha nje, kikamwangukia Eilif miguuni. Kilikuwa kitupu.

“Nimepima mara ya tatu, nikiwa nimeivaa,” alisema bila kumtazama. “Pete haina kosa. Wewe bado unalo.”

“Najua.”

“Funguo zako ziko wapi?”

“Kwenye theluji. Na mkanda.”

“Basi ingia,” Torunn alisema, “ufunge mlango.”