Gitaa la Nne

Balqis hakuwa mtu wa gitaa, na hilo ndilo lililomchelewesha kushtuka. Mwingine angeshtuka tangu siku ile ya kwanza, alipokuwa akifua foronya ya mumewe akakuta matone manne ya damu yamejipanga mstari mmoja, yameachana sawasawa, kama vifungo vya shati. Yeye aliona damu tu. Akasema moyoni, huyu kajikata na wembe tena, akaongeza sabuni, akaendelea na kazi zake.

Mumewe Humaid alikuwa amestaafu. Miaka thelathini aliendesha winchi Bandari ya Sultan Qaboos, na mabaharia wa Kifilipino waliokuwa wakipita pale ndio waliomtia wazimu wa muziki wa kantri. Walimwachia kaseti boksi zima. Lakini Humaid hakujishughulisha na waimbaji. "Waimbaji wana watu wao," alikuwa akisema. Yeye aliwapenda wale wazee wanaokodiwa studio kwa saa, wanaopiga gitaa nyuma ya sauti ya mtu mwingine, kisha wanavaa kofia na kurudi makwao, na majina yao, kama yameandikwa kabisa, yameandikwa ndani ya karatasi ya kaseti kwa herufi za kuumiza macho. Aliwatambua kwa vidole vyao. Aliwaandikia barua za shukrani waliokuwa bado hai, na mmoja, Mzee Orrin Tackett, mwenye miaka themanini na minane, alikuwa akimjibu.

Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri, wagonjwa wenzake wa kantri walikuja kwenye majlisi, sebule ya wageni, nyumbani kwake Al Amerat. Alikuja Godfrey, Mtanzania wa Njombe, dereva wa hoteli, aliyekulia kwenye redio zinazopiga kantri Jumapili asubuhi. Alikuja Nalule, Mganda anayelea watoto nyumba ya tatu kutoka pale, ambaye tajiri yake alimpa ruhusa ya saa mbili. Kila mtu aliweka wimbo mmoja. Mwimbaji alivumiliwa. Gitaa likiingia, hakuna aliyethubutu hata kumeza kahawa, na likimaliza, mwenye wimbo alitaja jina la mpigaji na wote wakajibu, "Ahsante, mzee." Hiyo ilikuwa sheria yao, na hakuna mpigaji aliyepita bila kushukuriwa.

"Bi Balqis, kaa usikilize," Humaid alikuwa akimwambia akileta halua.

"Nshasikia. Si yale yale ya wiki iliyopita?"

Wakacheka. Na kweli, kwa Balqis gitaa lote lilikuwa sauti ya mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Mwenyewe aliona ni ajabu kwamba watu wazima na akili zao hulia machozi kwa ajili ya ukoko.

Ijumaa moja Humaid aliweka kaseti aliyoitoa chini kabisa ya boksi. Karatasi yake ilitaja wapigaji watatu, Tackett akiwa wa kwanza. Humaid akawataja, wakashukuriwa. Kisha akarudisha kaseti nyuma, akainamisha kichwa.

"Hebu sikilizeni. Nyuma ya haya matatu pana la nne."

"Nalisikia, mzee," Godfrey akasema polepole. "Linalia."

Waligeuza karatasi huku na huku. Jina la nne halikuwapo. Lakini sheria ni sheria, na Humaid alikuwa mtu wa adabu, aliyelelewa Zanzibar hadi akiwa kijana. Akainua kikombe chake cha kahawa.

"Wewe usiye na jina, ahsante. Umewapita wote. Karibu kwangu."

Nalule akacheka, wakajibu wote kwa pamoja. Balqis alikuwa mlangoni na sinia mkononi. Baadaye alikumbuka kwamba chumbani kuliingia harufu ya chuma kilicholowa, na kwamba alidhani ni maji ya kiyoyozi.

Siku ya pili yake ndiyo akakuta matone kwenye foronya.

Baada ya hapo ikawa kila siku, na ikawa ni mchana. Wakati ule wa adhuhuri, jua likiwa utosini na vilima vyote vya Al Amerat vikitema moto, hakuna mtu barabarani wala paka kwenye kivuli cha gari, watu wamefunga mapazia na kulala kailula. Balqis aliamshwa na sauti ya sufuria kukwanguliwa. Alidhani ni simu, akapapasa, simu ilikuwa imezimwa. Alidhani ni majirani, akasikiliza ukuta, ukuta ulikuwa kimya. Akamgeukia mumewe. Humaid alikuwa amelala chali, macho yamefumba, kinywa wazi, na mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya kifua, vidole vinne vinapanda na kushuka, vinabonyeza, vinateleza, vinabonyeza tena juu ya kitu kisichokuwapo, na kila vilipobonyeza sauti ilitoka, si kifuani wala kitandani bali chumbani kote, na vilipoteleza ngozi ya ncha zake ilipasuka taratibu mbele ya macho ya mkewe, na damu ikashuka mpaka kwenye mto, na yeye Balqis, aliyezaa watoto wanne na kuosha maiti wa ukoo mzima, alishindwa hata kutamka bismillahi mpaka muadhini alipoita alasiri na mkono ukaanguka.

Humaid alikuwa na sukari. Vidonda vya mtu wa sukari havina huruma. Wiki ya tatu vidole vilianza kuwa vyeusi, na daktari hakuzunguka: ikiendelea hivi, vinakatwa, na baada ya vidole hajui. Akauliza mgonjwa anafanya kazi gani ya mikono. Balqis akasema, amestaafu, hafanyi kitu. Daktari akamtazama kama mwongo.

Walifunga mkono kwa bendeji. Bendeji ilikatika. Balqis akaufunga kwa kanga kwenye fremu ya kitanda, akaukalia, akaulalia kwa uzito wake wote, na chini ya tumbo lake vidole viliendelea.

"Humaid," alimnong'oneza siku moja alipozinduka. "Unajua unachofanya?"

"Nnajua."

"Unaumia?"

"Sana." Machozi yalimtoka, na Balqis akaona kwa hofu kwamba si ya maumivu peke yake. "Maisha yangu yote sijapata kupiga hata uzi mmoja, Balqis. Sasa nnapiga."

"Atakuua! Mfukuze!"

"Nimwambieje? Nimwambie hajui? Anajua."

Balqis alitoka chumbani akalia jikoni, kichwa kwenye mlango wa friji. Alikuwa na hasira na gitaa, na mabaharia, na Godfrey, na Humaid mwenyewe, na chini ya hasira zote alikuwa na woga wa kubaki peke yake katika nyumba ile.

Godfrey alikuja, lakini hakuingia. Alisimamisha gari mbele ya geti, akamwomba Balqis akae naye ndani ya gari.

"Shikamoo, mama. Samahani, ndani siwezi." Akafungua simu yake. "Mzee alimwandikia Tackett kuuliza la nne alipiga nani. Jibu limekuja kwenye kundi letu la simu, la watu wa Ijumaa."

"Nisomee."

Godfrey akasoma akifasiri sentensi moja moja. Mzee Tackett alisema anaikumbuka siku ile vizuri. Walikuwa watatu. Pale lilipo gitaa la nne waliacha nafasi tupu, kwa ajili ya mtu wa fidla aliyekuwa mgonjwa. Waliporudisha tepu kusikiliza, nafasi ilikuwa imejazwa. Walitazamana. Mmoja wao, Hoyt, akasema, yeyote yule, anapiga vizuri kutushinda. Hoyt alizikwa kabla ya Krismasi, mikono yake imefungwa ndani ya taulo ili mama yake asiione. "Sisi tuliobaki tulikubaliana tusimsifu kamwe," Godfrey akamalizia. "Anasema, mwambieni rafiki yangu asimshukuru."

Kiyoyozi cha gari kilikuwa kikipuliza harufu ya chuma kilicholowa.

Balqis alikwenda kijiji cha Qantab kumtafuta Maalim Humam. Alikuwa dereva wa basi la shule, mtu mkali asiye na maneno mengi, ambaye siku za mapumziko husomea watu Kurani, na hapokei kitu ila tende. Alifika kabla ya adhuhuri. Akafukiza ubani, akakaa karibu na kichwa cha Humaid, akasubiri. Jua lilipofika utosini mkono ukainuka.

Maalim akaanza kusoma. Alisoma kwa sauti iliyojaa kifua, na gitaa halikunyamaza wala halikushindana naye, lilimfuata. Alipopandisha lilipanda, alipovuta pumzi lilijaza nafasi, lilikaa nyuma ya sauti yake kwa adabu na utulivu kama lilivyokaa nyuma ya waimbaji wote, mpaka Maalim akatambua anafuatwa, uso ukambadilika rangi, akanyamaza ghafla.

"Nani wewe?" akauliza. "Jina lako!"

Kinywa cha Humaid kikafunguka. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ndogo, ya upole. "Sina. Napigia wengine."

"Unataka nini kwa mtu huyu?"

"Alinishukuru. Akasema karibu."

"Toka!"

"Hajasema kwaheri."

Maalim akamvuta Balqis ukumbini. Jasho lilikuwa limelowesha kanzu yake. "Huyu mlango wake ni shukrani ya kweli," alinong'ona. "Mimi siwezi kuufunga, si wangu. Mumeo amwambie kwa kinywa chake: hukupiga kitu. Khalas, atatoka."

Wakamzindua Humaid kwa maji ya zamzam. Wakamweleza. Balqis alimshika uso kwa mikono miwili.

"Sema, baba. Maneno mawili tu. Hukupiga kitu. Sema, nakuomba."

Humaid akafungua kinywa. Alijaribu, Mungu shahidi, mishipa ya shingo ilimtoka kwa kujaribu. "Hu... Huku..." Akalia kwa kwikwi. "Siwezi, Balqis. Umepiga vizuri," akasema kuelekea dari. "Umepiga vizuri, yakhe."

Vidole vikaingia kazini kwa nguvu mpya. Kwenye kidole kidogo Balqis aliona kitu cheupe, akaelewa kwamba ni mfupa.

Hapo ndipo alipopiga magoti.

"Mwache," akasema. "Mwache mume wangu, ntakushukuru mimi."

"Bi Balqis, nyamaza!" Maalim akafoka.

Kinywa cha Humaid kikamgeukia. "Wewe hunisikii."

"Ntakaa na kaseti yako. Kila siku, adhuhuri. Ntasikiliza mwanzo mpaka mwisho na ntakwambia ahsante. Nani mwingine atakuahidi hivyo? Huyu kesho kutwa atakufa, na utarudi huko huko usikoshukuriwa."

Vidole vilisimama hewani vikidondosha damu.

"Kila adhuhuri," sauti ikasema, na mkono ukaanguka. Huko majlisi, redio kaseti isiyokuwa kwenye umeme ikalia *tak*, kama mtu amebonyeza kitufe.

Uani Maalim hakuweza hata kuvaa viatu vyake kwa hasira. "Umefanya nini, mama?"

"Kwangu mimi gitaa ni sufuria, Maalim. Nitamshukuru kwa ulimi. Moyoni hamna kitu, ataingilia wapi?"

Maalim akamtazama. "Basi usiache kuwa hivyo," akasema hatimaye. "Siku utakayosema ahsante ukaikusudia, usiniite. Sitakuwa na la kukusomea."

Humaid alikatwa kidole kidogo peke yake. Vingine vilipona. Kaseti zote zilikwenda kwa Godfrey, kasoro moja, na mikutano ya Ijumaa ikafa. Humaid akawa mtu wa televisheni na mpira, alinenepa kidogo, akamtania mkewe tena. Balqis alimtazama akila na roho yake ikatua. Aliona amepata bei nzuri.

Kila adhuhuri, Humaid akilala, yeye alitoka nje akaingia kwenye gari lao la zamani lenye mahali pa kaseti. Aliwasha injini, akafungulia kiyoyozi, akaweka kaseti. Alisikiliza huku akipanga moyoni chakula cha usiku. Mwisho alisema "ahsante" kama unavyomwambia mtu wa kuleta mitungi ya maji, akatoa kaseti, akaingia ndani. Alifanya hivyo siku ya Idi. Alifanya hivyo akiwa na homa, na siku aliyomzika dada yake.

Ikafika adhuhuri moja ya mwezi wa nane tangu aahidi, maziko ya dada huyo yakiwa bado ya karibuni. Siku hiyo alikuwa amekaa garini bila kupanga chakula chochote, amechoka tu, mikono kwenye usukani. Gitaa la nne likaingia. Katikati ya wimbo kulikuwa na mahali linapopunguza mwendo, linasita kidogo kabla ya kushuka. Alikuwa amepasikia mara mia mbili. Marehemu dada yake alikuwa akisita hivyo hivyo mlangoni, mkono kwenye kitasa, kabla ya kusema haya, mimi nakwenda. Balqis hakuwa amemlia vizuri. Hakukuwa na nafasi. Machozi yakamjia yenyewe, mengi, ya moto, na kifua kikawa chepesi kwa mara ya kwanza tangu maziko.

"Ahsante," akasema. Kisha, kabla hajajizuia, "Rudia hapo kidogo."

Akajisikia akisema. Akanyoosha mkono wa kulia haraka kuitoa kaseti, akakuta imeshafika mwisho na imejizima yenyewe.

Gitaa likarudia.

Balqis akautazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa bado juu ya usukani, na vidole vinne vilikuwa vimeshajipanga.