Mbio za Bila Tone

Mbio za mtaa zilianza saa sita mchana, kila mwaka, na sharti lilikuwa moja: anayekunywa maji njiani ametoka. Mshona nguo ndiye aliyeshona namba za wakimbiaji. Mumewe, seremala, aliwahi kushinda mara tatu. Tangu hapo watu walimwita Bingwa. Mkewe naye alimwita hivyo, hasa alipotaka kutundikiwa taa.

Mwaka huu binti yao alijiandikisha. Kila mchana alifanya mazoezi.

"Koo likikauka, meza mate," baba yake alimwambia. "Ndivyo tulivyofanya sisi."

Siku moja mama alikuwa anashona namba kumi na saba. Akasikia kishindo mlangoni. Binti yake alikuwa chini, ngozi ina moto kama pasi.

"Mama, zima cherehani," binti alisema. "Inanikimbiza."

Mama alipigwa na butwaa. Mtoto alikuwa anaweweseka mchana kweupe. Mama akapiga kelele, na jirani yao muuguzi akaja mbio.

"Tumpeleke kivulini. Mvue viatu. Mmwagie maji mwilini, mimi nampepea."

Mama akapeleka kikombe mdomoni mwa binti.

"Usimnyweshe, dada. Hajitambui, yatampalia. Tafuta gari twende hospitali."

Jioni binti alipata nafuu. Muuguzi akawaeleza wazazi wa binti kando ya kitanda cha hospitali.

"Jasho ndilo linalopoza mwili. Mtu akikimbia juani bila kunywa, mwili unashindwa kujipoza. Kichwa kinauma, anapepesuka, anasema ovyo. Mkichelewa hapo, mnampoteza."

Bingwa alikuwa ameshika viatu vya binti yake.

Jumapili kamati ya mbio ilikutana katika karakana ya Bingwa, mkewe naye akiwapo na namba za wakimbiaji mkononi. Muuguzi aliomba mambo mawili: mbio zianze saa kumi na mbili asubuhi, na maji yawekwe njiani. Katibu, fundi baiskeli ambaye naye aliwahi kushinda mbio hizo, alikataa katakata.

"Mbio hizi zina miaka arobaini," alisema. "Bingwa huyu hapa alishinda bila tone. Muulizeni."

Wote wakamgeukia seremala. Akaweka randa chini.

"Nilikunywa," alisema. "Mara zote tatu. Nyuma ya ghala la mbao kuna bomba."

Namba zilimponyoka mkewe mikononi. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na hakuwahi kulisikia hilo.

"Na mwanangu ukamwacha akimbie na kiu?"

"Nilimwacha, mama watoto. Niliona aibu kupoteza jina."

Katibu akakuna shingo.

"Bomba lile lenye kufunguliwa kwa waya?" aliuliza taratibu. "Nilidhani nalijua peke yangu."

Hapo hapakuwa na la kubishania tena. Mbio zilisogezwa mbele miezi mitatu. Bingwa alitengeneza meza nne za maji, na katibu akajaza ndoo kutoka bomba lile lile.

Asubuhi ya mbio kulikuwa na ubaridi. Hakuna aliyezimia. Binti, ambaye daktari alikwisha kumruhusu, alifika meza ya tatu akiwa wa tisa. Baba yake akampa kikombe. Binti akasita, akatazama huku na huku kama mwizi.

Mama alikuwa kando, anawahesabu wakimbiaji. Alimsikia mumewe vizuri.

"Kunywa, mwanangu," Bingwa alisema. "Kunywa wakuone."